Mashua ya Chai: Siku za Tamasha Kwenye Mfereji wa Mullingar

Sisi watu wa pwani tukitajiwa safari ya chombo, mawazo hukimbilia bahari: tanga, upepo wa kusi, nahodha na usukani wake, na maji yanayojaa na kupwa kwa saa zake. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilipanda chombo kisichokuwa na tanga, juu ya maji yasiyojua kujaa wala kupwa, kwa mwendo ambao punda wa Lamu aliyeshiba angeupita bila ya kutoka jasho. Nilishuka nimejifunza jambo ambalo ilinipasa kulijua tangu zamani. Ndiyo maana nimeona niwaandikie wasomaji wangu watukufu, khasa akina mama na mabinti, kwani mwisho wa habari hii unawahusu wao kuliko unavyonihusu mimi.

Nilikwenda Ireland kumtazama mjukuu. Binti yangu ni muuguzi, naye anaishi na mumewe na watoto wao katika mji wa Mullingar, jimbo la Westmeath, katikati ya kisiwa, mbali na bahari kila upande. Nilidhani nitamkuta amechoka kwa kazi na malezi. Nilimkuta ameketi sakafuni, mtoto mapajani, karatasi zimetandazwa mbele yake, anazungumza kwa simu na mtu juu ya urefu wa mashua.

Nikamwuliza, "Mwanangu, unahodha umeanza lini?"

Akacheka. "Baba, mimi ni mpishi tu. Lakini hapa mpishi hana budi ajue mashua ngapi zinakuja na lini."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Nchi ile ina tamasha kubwa la muziki wa jadi liitwalo Fleadh Cheoil na hÉireann, na neno la kwanza hutamkwa kama "fla". Lilianza mwaka 1951 hapo hapo Mullingar, walipokutana wapigaji waliokuwa na khofu kwamba muziki wa baba zao unazeeka pamoja na wazee wenyewe, wakaunda jumuia ya kuuhifadhi. Tangu hapo tamasha limekuwa likihama mji hadi mji. Mullingar ilikuwa ilipokee tena mwaka 2020, likazuiliwa na maradhi ya korona hadi 2022, kisha likarudi hapo hapo mwaka 2023. Mji mdogo ukapokea wageni mamia ya maelfu. Nyumba za wageni zilijaa, wenyeji wakakodisha vyumba vya watoto wao, na viwanja vikajaa mahema.

Lakini Mullingar ina neema ambayo miji mingine mingi iliyowahi kupokea tamasha hilo haina. Imezungukwa na mfereji pande tatu, umbo la hilali, na mfereji huo una bandari ndogo karibu na katikati ya mji. Wenye mashua wa sehemu ile wakaona kwamba anayekuja kwa chombo anakuja na kitanda chake, jiko lake na kivuli chake, wala hamsumbui mtu kwa chumba. Basi wakaazimia wakutanishe mashua zao bandarini muda wote wa tamasha. Kamati ikaundwa tangu wakati wa baridi, na mzee mmoja, jirani ya binti yangu, akamwomba aingie ndani yake.

Kabla ya kuieleza kamati, nieleze mfereji. Jina lake ni Royal Canal. Ulianza kuchimbwa mwaka 1790 kutoka Dublin, ukaufikia mto mkuu wa nchi, Shannon, mwaka 1817, mwendo wa yapata kilomita 146. Kwa kuwa ardhi hupanda na kushuka na maji hayapandi kilima, wajenzi waliweka ngazi za maji 46. Ngazi ya maji ni chumba cha mawe chenye milango ya mbao mbele na nyuma. Mashua huingia, mlango wa nyuma hufungwa, maji huachiwa kutoka juu, na chombo huinuka taratibu kama mtoto anavyoinuliwa na mama yake. Kisha mlango wa mbele hufunguliwa, na safari huendelea juu zaidi. Mullingar iko kileleni. Anayetoka Dublin hupanda ngazi 25 kuufikia, na anayetoka Shannon hupanda 21.

Nilipoyaelewa hayo ndipo nilipoelewa kwa nini mkusanyiko wa mashua huhitaji miezi ya maandalizi. Maji ya kileleni hutoka katika Ziwa Owel, kaskazini ya mji, na ziwa hilo hilo kwa miaka mingi limeunywesha mji. Kila mashua inayopita ngazi moja huteremsha yapata lita 200,000 za maji, na kwa kuwa kilele kiko katikati, anayekuja huyachukua na anayeondoka huyachukua. Hivyo kamati iliwapangia watu kupita wawili wawili katika chumba kimoja, ili maji ya mtu mmoja yatoshe watu wawili. Nilipenda hesabu hiyo. Chumba kina urefu wa yapata mita 23 na upana wa mita 4, kwa hiyo binti yangu na wenzake walikaa na orodha ya mashua, wakioanisha fupi na fupi, kama mshenga anayetafuta wanaolingana.

Si hayo tu. Wanaotoka bandari ya Dublin wana daraja la reli lililo chini mno kwa mashua kupita, ambalo huinuliwa kwa siku maalumu tu, na aliyekosa siku yake hana njia. Ilibidi ijulikane nani atakuwa wapi siku gani, nani ana watoto wasiojua kuogelea, nani mgonjwa anayehitaji mashua yake ifungwe karibu na gati, maji machafu ya vyoo yatamwagwa wapi, na jenereta zizimwe saa ngapi usiku ili watu walale. Mambo haya hayana fahari. Hakuna atakayeyaona yakienda vizuri, na yakiharibika kila mtu atayaona. Wanawake wasomao haya, waliowahi kuandaa arusi, wanajua ninachosema.

Sasa nije kwenye swali lililokuwa likimkera binti yangu. Tamasha la namna hiyo lina pombe, tena nyingi. Familia za Kiislamu ziko mjini mle, wauguzi, madaktari na wafanya biashara, na baadhi yao walimwambia kwamba kuingia kamati ile ni kujipeleka kilabuni. Wengine walisema ni haki ya jirani, na jirani akikuita huwezi kumfungia mlango. Akasubiri nije aniulize.

Nilimwuliza yeye kwanza: "Uliwaambia nini?"

Akasema kwamba siku ya kikao cha kwanza aliwaambia wazi: "Pombe sitaigusa, sitaipanga, wala sitakaa panaponywewa. Mengine yote niko nanyi." Watu wakanyamaza kidogo. Kisha yule mzee akasema, "Basi tunahitaji mashua moja ya chai. Si wewe peke yako. Wako wengi wasiosema."

Nikamwambia, "Mwanangu, swali lako umekwisha kulijibu mwenyewe. Aliyeweka mpaka wake mlangoni haulizwi tena akishaingia." Kuhusu ala za muziki, wasomaji wangu wananifahamu, na wanafahamu kwamba maulamaa wamekhitalifiana tangu karne za mwanzo. Sikuona kwamba ugenini, katika nyumba ya watu, ndipo mahali pa kufungua darasa hilo.

Mashua ya chai iliyochaguliwa ilikuwa ya mzee mwenyewe, naye alikuwa ameiacha Ballynacargy, kijiji kilicho magharibi ya mji. Ilibidi ifike Mullingar siku moja kabla ya tamasha kufunguliwa. Bega lake la kulia lilikuwa limekwisha nguvu, na ngazi za maji hufunguliwa kwa mwili. Kila mlango una boriti ndefu, na mtu huisukuma kwa mgongo, miguu imekanyaga mawe, mpaka mlango wenye uzito wa maji yote yale ukubali. Hivyo tukaenda wanne: mzee, mjukuu wake wa kike wa miaka 11 aliyekuja na fidla yake ndani ya sanduku, mkwe wangu na mimi. Nilijifunga kanzu kiunoni nikasukuma boriti. Mzee akanitazama, akamwambia mkwe wangu kwamba hajapata kumwona shekhe akifanya kazi hiyo. Nikamjibu kwamba babu zangu walikuwa wakivuta amari za jahazi, hivyo ni mgongo ule ule.

Mwaka ule hali ya hewa ilikuwa imegeuka mara mbili. Mwezi wa Juni ulikuwa Juni yenye joto kuliko zote zilizowahi kupimwa nchini humo, na kamati ikaogopa kwamba kilele kitakauka. Kisha ikaja Julai yenye mvua nyingi kuliko Julai zote, na khofu ya ukame ikaondoka. Lakini joto lile na mvua ile vilikuwa vimeyalisha magugu ya majini. Yalijaa mferejini kama nywele zisizochanwa. Mara tatu yalijizungusha kwenye rafadha na injini ikakohoa ikazima. Mkwe wangu akalala kifudifudi shetri, mikono majini hadi mabegani, akivuta.

"Usivute kwa hasira," mzee akamwambia. "Zungusha kinyume. Yaliingia yakizunguka, yatatoka yakizunguka."

Tuliposimama mara ya pili, mvua nyepesi ikinyesha, mzee alinisimulia. Mashua ya mwisho ya biashara iliacha kupita mfereji huu mwaka 1951, mwaka ule ule tamasha lilipoanza. Kampuni ya reli ilikuwa imeununua mfereji tangu 1845, ikalaza reli kandokando yake, na mizigo ikahamia huko. Mwaka 1961 mfereji ulifungwa rasmi. Upande huu wa magharibi ya Mullingar maji yaliondoka kabisa. Ng'ombe walilisha mahali tulipokuwa tumesimama, na watu wakatupa humo magodoro mabovu na vyuma vya magari. Mwaka 1974 watu wa kujitolea wakaunda kikundi, wakaanza kuchimba kwa mikono, Jumamosi kwa Jumamosi, wakitengeneza milango na kuzibua mawe. Mfereji wote ukafunguliwa tena mwaka 2010. Miaka 36.

Nikamwuliza kilichomwingiza yeye katika kazi ile. Nilitarajia maneno makubwa juu ya urithi na taifa. Akafikiri, akasema, "Nilikuwa kijana. Nilipita nikaona watu wawili wazee kuliko mimi wanachimba tope. Nikaona haya kupita."

Tulifika Coolnahay, ngazi ya 26, ambayo ni ya mwisho kabla ya kilele, jua likiwa bado juu ingawa ilikuwa saa moja jioni. Wakati huo wa mwaka Magharibi huingia kule baada ya saa tatu usiku. Niliswali Alasiri kando ya mfereji kwenye majani. Sisi wa Mombasa tumezoea kibla kilicho kaskazini moja kwa moja. Kule ni kusini mashariki, na kwa kuwa mfereji hupinda pinda, yule binti mdogo alishangaa kuniona nikitazama upande tofauti na ule niliotazama mchana. Nikamweleza kwamba ni mashua iliyogeuka. Mahali ninapopaelekea hapajahama. Akasema, "Kama kuipasha fidla. Nyuzi hulegea, sauti yenyewe haihami." Nilinyamaza, maana alikuwa amesema vizuri kuliko mimi.

Kandokando ya mfereji huu kuna njia ya miguu, na njiani mtu hukuta viatu vidogo vya shaba, vya mtoto, vimewekwa juu ya jiwe. Viko zaidi ya jozi 30 katika njia nzima. Nilivikuta Mullingar nikasimama. Mwezi wa Mei mwaka 1847, katikati ya njaa kubwa iliyoanza baada ya viazi kuoza mashambani, wapangaji 1,490 waliondolewa katika shamba la bwana mmoja huko Strokestown, wakatembea kwa miguu kandokando ya maji haya hadi Dublin, mwendo wa kilomita 165, ili wavushwe kwenda Kanada. Wengi wao hawakufika. Katika njaa ile watu yapata milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Mkwe wangu aliniambia kwamba binti yao mkubwa, walipompitisha hapo mara ya kwanza, alivua viatu vyake akavipima na vile vya shaba. Vilikuwa sawasawa.

Usiku ule familia moja iliyokuwa imekuja kutoka upande wa Dublin ilitusimulia jinsi walivyopita juu ya mto Boyne. Naam, juu yake. Wajenzi wa zamani waliupitisha mfereji juu ya mto kwa daraja la mawe, na mtu akichungulia kutoka mashuani huuona mto ukienda chini yake. Mto huo huingia baharini katika mji wa Drogheda, na jina hilo likanigusa. Mwaka 1847 Sultani Abdulmejid wa dola ya Uthmaniya alitoa paundi 1,000 kuwasaidia wenye njaa wa Ireland, na waraka wa shukrani wa watukufu wa nchi ile umehifadhiwa mpaka leo nchini Uturuki. Watu wa Drogheda husimulia pia kwamba zilifika meli za chakula katika bandari yao, na mwaka 1995 waliweka kibao cha kumbukumbu. Sisi tuliosoma madrasa tumefunzwa kutofautisha riwaya na riwaya. Ya fedha ina maandishi, na ya meli imepokewa kwa midomo. Lakini mji unaotaka kukumbuka wema kwa miaka mia na hamsini, hata ukiongeza kidogo, si mji mbaya. Nililieleza jambo hilo mashuani, na nusu ya waliokuwapo, Wairishi watupu, hawakuwa wamelisikia. Mwanamke mmoja akamwambia binti yangu, "Kumbe mlituletea chakula zamani pia," kwa sababu mkononi alikuwa na sambusa.

Maana tulikwisha fika. Bandari ilikuwa imejaa mashua zaidi ya ishirini, zimefungwa ubavu kwa ubavu, tatu na nne, hivi kwamba wa mwisho ili afike nchi kavu lazima apite juu ya vyombo vya wenzake. Hilo lina adabu zake. Mtu hupita omo, mbele ya chombo, hapiti shetri penye mlango na vyumba vya watu. Huvua viatu vizito au hukanyaga polepole, haangalii madirishani, na usiku husema neno kabla ya kukanyaga. Binti yangu aliwafundisha neno letu. Kufikia siku ya tatu, watoto wa mashua zote walikuwa wakipiga "Hodi!" na kujibiwa "Karibu!" kwa lafudhi ambazo zingewachekesha watu wa Kuze.

Mashua ya chai ilikuwa na kanuni tatu zilizobandikwa mlangoni: hakuna pombe, watoto wote wavae jaketi za kujiokolea, na anayemaliza chai aoshe kikombe chake. Binti yangu na mwenzake, muuguzi kutoka India, walipika mahamri, sambusa na chai ya tangawizi tangu alfajiri. Nilitarajia watakuja Waislamu wachache wa mji. Walikuja, pamoja na baadhi ya wale waliokuwa wamepinga. Lakini waliojaa zaidi walikuwa wengine: akina mama wenye watoto wachanga, wazee wasiopenda kelele, na wanaume kadhaa waliokaa kimya pembeni na vikombe vyao. Mmoja wao alimwambia mkwe wangu kwamba ameacha pombe miaka minne, na huu ndio mwaka wa kwanza ameweza kuja kwenye tamasha, kwa sababu sasa ana mahali pa kukaa. Mzee alikuwa amesema kweli. Wako wengi wasiosema. Binti yangu alidhani anaomba udhuru wa dini yake, kumbe aliwafungulia mlango watu ambao hawakuwa na ulimi wa kuuomba.

Na katika mashua hiyo ndipo nilipoona lile nililokuja kuwaeleza.

Tamasha lile lina mashindano ya rika zote, ya watoto walio chini ya miaka 12 kwanza, na wanaofika hapo wamekwisha chujwa katika majimbo yao. Mjukuu wa mzee alikuwa mmoja wao. Asubuhi ya siku yake alikuja mashuani mwanamke mzee aliyekuwa mwalimu wake, akaketi mbele yake, magoti kwa magoti. Hapakuwa na karatasi. Mwalimu alipiga kipande kifupi, mtoto akakirudia. Mwalimu akatikisa kichwa, akapiga tena, na mtoto akarudia tena. Palipokuwa na kosa hakulieleza, alilipiga sawa tu, mpaka mtoto mwenyewe akalisikia. Walipomaliza nikamwuliza mtoto wimbo ule ni wa nani. Akanijibu bila ya kufikiri: ameupokea kwa mwalimu wake huyu, naye aliupokea kwa mjomba wake, naye mjomba aliupokea kwa mpigaji fulani kipofu aliyekuwa akipita vijijini.

Wasomaji wangu, nilikaa pale kikombe kimepoa mkononi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kusoma na marehemu mwalimu wangu, magoti kwa magoti, mdomo kwa sikio, bila ya kueleza kosa ila kwa kulisoma sawa. Na hivyo ndivyo tulivyofunzwa kutaja fulani kutoka kwa fulani. Jambo analolipokea yule mtoto si letu, na uzito wake si uzito wa kile tukipokeacho sisi. Lakini njia niliijua kama ninavyoijua njia ya nyumbani kwetu. Elimu ya namna hiyo haiwekwi kabatini. Ikikosa mtu wa kukaa mbele ya mtu, siku moja tu, imekatika, na hakuna kamati itakayoichimbua kama walivyouchimbua mfereji.

Mtoto hakushinda. Alirudi macho mekundu, babu yake akampa hamri, naye akala mawili. Jioni ya mwisho, mashua zilipokuwa zikijiandaa kuondoka wawili wawili kama zilivyokuja, mzee alitoa ule ufunguo wa chuma unaofungulia maji katika ngazi, uliolainika kwa mikono yake, akamtia mjukuu wake mkononi.

Mtoto akasema, "Babu, ngazi za kushuka bado sijui kuzifungua."

Akamjibu, "Ndiyo maana nakupa leo, ningali nipo."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nayo hayakuniacha. Nilikuwa na shangazi. Alikuwa akijua tenzi kwa moyo, ndefu na fupi, nyingine hazijapata kuandikwa popote, na akizighani huku akishona kofia, wanawake wenzake wakiitikia. Mimi ndiye niliyesoma katika ukoo, mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Kila nilipomzuru nilimwambia, "Shangazi, siku moja nitakuja na daftari tuziandike." Naye kila mara alinijibu, "Njoo na masikio, baba. Daftari lije baadaye." Alifariki kabla sijaenda na lolote kati ya hayo mawili. Leo ninakumbuka beti mbili, na ya pili sina hakika nayo. Nilipita nikaona mtu anachimba peke yake, wala sikuona haya.

Wiki ya pili baada ya kurudi, nilimwomba mke wangu awachukue wajukuu wetu watatu wa kike kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa rafiki ya shangazi, ambaye bado ana kumbukumbu. Nilisindikiza hadi mlangoni, nikapiga hodi, nikaketi barazani kama inavyonipasa. Nilimsikia bibi akiwauliza, "Mmekuja kusikiliza, au mmekuja kunipiga picha?"

Mkubwa wao akasema, "Kusikiliza, bibi."

"Basi wekeni simu huko. Kaeni karibu. Karibu zaidi."

Akaanza. Wakakosea, akasema tena.